Orodha kamili ya vifaa vya IT vya kampuni: rekodi tatu na kila moja inasema lake, naanzia wapi?

MtuWaChumbageni

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, nafanya IT kwenye kampuni ya klaringi, ofisi kuu iko jirani na bandari, ghala liko Pongwe, alafu tuna ofisi ndogo Horohoro mpakani na nyingine Korogwe. Bosi katoka kwenye kikao na wakaguzi anataka nimpe orodha ya kila kitu cha IT tulichonacho, kiko wapi, kiko kwa nani, kina programu gani ndani na leseni inaisha lini. Kasema iwe kamili na iwe ya kweli, maana wale wakaguzi walichukua karatasi ya uhasibu wakaanza kuulizia laptopu moja moja na nyingi hazikuonekana pale zilipoandikwa, ikawa aibu.

Sasa shida yangu iko hapa. Uhasibu wana kompyuta 61. Active Directory (AD, mfumo wa Windows wa kusimamia kompyuta na watumiaji wa kampuni) inaonyesha 83. Dashibodi ya antivairasi inaonyesha 48. Sijui niamini ipi. Mwenzangu mmoja ananiambia nitupe zote nizunguke na daftari nihesabu upya, mwingine anasema niweke programu ya kuskani mtandao nikae nisubiri, kila kitu kitajitokeza chenyewe. Na je printa, swichi, kamera, mashine za kidole, EFD (mashine za risiti za kodi) nazo zinaingia au ni kompyuta tu? Bajeti ni ndogo sana, nisiwadanganye. Aliyewahi kufanya hii kazi anisaidie tafadhali.

FundiWaNgamiani

Mkuu pole na majukumu. Ushauri wangu usichague moja kati ya hizo tatu na usitupe hata moja, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Ya uhasibu inakwambia nini kililipiwa. AD inakwambia kompyuta gani iliwahi kuungwa kwenye domeni (kundi la kompyuta za kampuni zinazosimamiwa na AD), hata kama ilishakufa zamani jina linabaki mle mpaka mtu alifute. Antivairasi inakwambia mashine gani ina ejenti (kiprogramu kidogo kinachotuma taarifa za mashine) na bado inaongea. Ziweke kwenye faili moja la Excel ubavu kwa ubavu alafu kaa na zile zisizolingana, kazi yako yote imo humo. Iliyopo uhasibu tu na kwingine haipo, hiyo imeharibika, imeibwa, au iko nyumbani kwa mtu. Iliyopo AD na imeingia juzi tu ila antivairasi haiijui, hiyo ni mashine hai inatembea bila kinga, hiyo ishughulikie kabla hata hujaendelea na orodha. Na inayoonekana kwenye mtandao lakini hakuna karatasi yoyote inayoitaja, hapo ndo pa kutoa jasho.

Kwa AD toa amri ya PowerShell ya Get-ADComputer pamoja na LastLogonDate (tarehe ya mwisho kuingia), panga kwa tarehe. Angalia kitu kimoja, ile tarehe kwa mipangilio ya kawaida inaweza kuchelewa hadi wiki mbili hivi, kwaiyo usianze kukata walio kimya siku kumi, weka mpaka wa siku 90. Na hao usiwafute moja kwa moja, wazime tu na uwahamishie kwenye fungu lao peke yao, kama kuna mtu bado anatumia atakupigia simu asubuhi hiyo hiyo na hapo umeshajua iko kwa nani.

Jambo la pili ni utaunganishaje mistari ya orodha tatu. Watu wengi wanatumia jina la kompyuta na jina linabadilika kila ikipigwa windows upya. Tumia seriali namba ya kwenye BIOS (programu ya kwenye bodi inayowasha kompyuta), unaipata kwa Get-CimInstance Win32_BIOS (wmic ya zamani wengi tumeizoea ila matoleo mapya ya Windows 11 hayaji nayo tena). Lakini chunga desktopu za kuungwaungwa madukani, ukiziuliza seriali zinajibu "To Be Filled By O.E.M." zote, ukizimwaga hivyo kwenye mfumo zinajikunja zinakuwa kompyuta moja na wewe unaona idadi imeshuka unafurahi. Hizo zipe namba yako mwenyewe ubandike stika.

Na stika zenyewe kwa hapa kwetu karibu na bahari usibandike zile za karatasi za printa ya risiti, joto na hewa ya chumvi inazipausha mpaka hazisomeki. Tafuta za plastiki ngumu au za alumini. Kwenye laptopu bandika chini kwenye bodi, isiwe kwenye betri inayochomoka maana betri zinahamishwa toka mashine hii kwenda ile.

Mhasibu_Raskazoni

Naomba nichangie upande wetu maana wahasibu huwa tunalaumiwa kwenye hili. Ndugu mleta mada, kwanza uliza umepewa karatasi ipi. Kama ni ile ya kukokotolea kodi usitafute laptopu yako mle, haimo. Kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kompyuta na vifaa vyake viko daraja la kwanza, uchakavu asilimia 37.5 kwa mwaka juu ya salio linalobaki, na daraja zima linakwenda kama kapu moja pamoja na magari madogo na mitambo ya kusawazisha udongo. Kwaiyo unaona jumla ya shilingi tu, huoni kifaa.

Unayoitaka ni rejista ya mali za kudumu, na hata hiyo mara nyingi utakuta mstari mmoja umeandikwa "laptopu pc 6" basi, bila seriali. Hapo rudi kwenye makabrasha ya malipo utoe ankara na hati ya kupokelea mzigo, wauzaji wengi wanaandika seriali kwenye hati ya mzigo hata kama kwenye risiti hawakuandika. Hiyo kazi inachosha lakini ndiyo inayokupa tarehe ya kununua na waranti.

Kitu kingine ambacho watu wa IT hamkiulizi ni peti keshi. Ruta ndogo, swichi ya bandari tano (matundu ya kuchomeka waya), UPS, diski za nje za bakapu, hivi vinanunuliwa kwa fedha ndogo ndogo na sisi tunaviandika matumizi ya ofisi, haviingii kwenye rejista ya mali milele. Omba leja ya matumizi ya ofisi na ya matengenezo ya miaka mitatu minne nyuma, pitia maelezo mstari kwa mstari.

Na kinyume chake pia kipo, kompyuta iliyokwisha thamani kwenye vitabu tunaiondoa kwenye macho yetu lakini huko ghalani bado inawashwa kila siku na ina mafaili ya wateja ndani. Kwetu ni sifuri, kwako bado ni mali na bado ni hatari.

KangeStendi

Mi natofautiana kidogo na FundiWaNgamiani. Zama hizi kuzunguka na stika na daftari ni kujitesa. Weka GLPI, ni programu ya bure ya kutunza orodha ya vifaa, kuanzia toleo la 10 lililotoka 2022 ina ukusanyaji wake wenyewe, unasambaza ejenti kwa kupitia domeni na kila mashine inaleta taarifa zake zote, RAM, diski, programu zilizomo, matoleo yake. Snipe-IT nayo nzuri na ya bure lakini ile ni daftari tu, haitafuti kitu yenyewe, wewe ndo unaijaza. Kwa vile visivyo na ejenti unapiga nmap (programu ya kuskani mtandao), unawasha SNMP (njia ya kifaa kujieleza kwenye mtandao) kwenye swichi na printa, umemaliza. Mtu anayehesabu kwa mkono leo kesho kutwa orodha imeshachacha.

FundiWaNgamiani

@KangeStendi GLPI sijaikataa na mimi ningeweka hiyo hiyo. Ninachokataa ni kumwambia mtu akae asubiri.

Ejenti inaripoti pale ilipowekwa tu, na unaiweka kwenye mashine unazozijua, sasa zile usizozijua nani anaziwekea? Nmap nayo ina mipaka yake. Ukiwa ndani ya mtandao ule ule, ukiiendesha kama admini, inatafuta kwa ARP (ulizo la ndani ya mtandao ule ule tu), kwaiyo hata kompyuta yenye ukuta wa moto unaokataa pingi (ulizo la "upo?") inaonekana na anwani yake ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) unaipata. Lakini ARP haivuki ruta. Ukikaa ofisi kuu ukaskani Horohoro kwa kupitia VPN, MAC huzioni kabisa na mashine zinazokataa pingi zinaweza kukaa kimya ukadhani hazipo. Kwaiyo ni lazima uwe na kompyuta moja kule kule Horohoro na nyingine Korogwe inayoskani kwa ndani, au uende mwenyewe. Na laptopu ya mtu wa mauzo iliyo barabarani Segera saa unayoskani haipo kwenye jibu lako, inabidi skani ijirudie saa tofauti na siku tofauti.

Alafu simu usizihesabu kwa MAC. Toka Android 10 na iOS 14 simu inajitungia MAC ya bandia kwa kila waifai, utapata "vifaa" vingi mno ambavyo ni watu wale wale. Simu za kampuni ziorodheshe kwa IMEI, zile tarakimu 15, mtu anabonyeza *#06# zinatokea. Na laini zake chukua ankara ya mwezi ya mtandao wa simu, utakuta laini zinalipiwa na hamna anayejua ziko kwenye modemu gani.

Na kabla hujaskani ghalani @MtuWaChumbageni ongea na msimamizi wa mizani. Vifaa vya zamani vilivyounganishwa na mizani au mashine za kidole vinaweza kuganda ukivipiga kwa fujo, na printa nazo baadhi ya skana zikigusa bandari 9100 (mlango wa data wa printa) zinaanza kutoa makaratasi yenye herufi za ajabu. Anza na -sn peke yake ambayo inauliza nani yupo tu, fanya jioni magari yakishaondoka.

BintiPongwe

Kwenye swali lako la nini kinaingia, kila chenye IP (anwani ya mtandao) kinaingia, na vichache visivyo na IP. Kamera na ile NVR yake (kinasa video), mashine ya kidole, aksesi pointi (kirusha waifai), printa, UPS kubwa, EFD (hiyo TRA wanaijua kwa namba yake kwaiyo na wewe uijue). Kamera hasa usiziache, nyingi zimefungwa na fundi wa nje akaacha paswedi ya kiwandani na akafungua njia kwenye ruta ili bosi aangalie kwenye simu, alafu hazijasasishwa tangu siku zilipotundikwa. Kipanya na kibodi usiviorodheshe utachoka bure, hivyo hesabu kwa jumla.

MtuWaChumbageni

Wakuu nimerudi. Nashukuru mno, dada Mhasibu_Raskazoni ile ya peti keshi imefungua macho ya watu hapa ofisini.

Nimeweka zote kwenye faili moja kama nilivyoelekezwa. Kati ya zile 83 za AD, 22 hazijaonekana zaidi ya siku 90, nimezizima, wamepiga simu wawili, mmoja yuko Lushoto na laptopu tangu uhamisho. Kwaiyo hai za AD ni 63 (61 zilizobaki na mbili za waliopiga). Ukitoa 48 za antivairasi zinabaki 15 zinafanya kazi bila kinga, hizo nimeanza nazo.

Pongwe sasa. Kwenye swichi kubwa ya ghalani niliingia nikaangalia jedwali la MAC kila bandari, bandari zote zina moja au mbili, ila bandari ya 17 ina MAC tisa. Nikafuata waya kwa mkono, umepita juu ya dari umeshukia ofisi ya karani, umeingia nyuma ya kabati la mafaili. Tulisogeza kabati watu wawili, kumbe kuna kiswichi cha bandari nane kimelala sakafuni kimejaa vumbi la mkonge, taa zinawaka zote, na aksesi pointi moja ya nyumbani imechomekwa humo, waifai yake haina paswedi. Getini nje madereva wanaoshusha mzigo walikuwa wanaitumia. Kwa uhasibu kile kiswichi kimo kwenye peti keshi kama "vifaa vya ofisi", hakuna zaidi.

Maswali yangu mawili. Programu na leseni nazifanyaje, na hii orodha nikishaimaliza naizuiaje isiharibike tena baada ya miezi sita?

FundiWaNgamiani

Hapo kwenye bandari yenye MAC nyingi umefanya jambo kubwa, fanya hivyo hivyo kwenye kila swichi inayokubali, kila bandari yenye zaidi ya mbili tatu ifuate waya mpaka mwisho. Simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake itakupa mbili, hiyo ni kawaida.

Kuhusu kuharibika: orodha inakufa kwenye milango minne, kinaponunuliwa, kinapohama mtu, kinapokwenda kwa fundi, na mtu anapoacha kazi. Mlango wa kwanza wabane uhasibu, malipo ya kifaa yasitoke bila namba ya stika kuandikwa kwenye hati. Wa mwisho uwabane utumishi, stahiki za mwisho zisitoke mpaka fomu ya kurudisha vifaa iwe na sahihi yako. Hiyo miwili ikishika ile mingine unaweza kuifukuzia. Yule wa Lushoto angejulikana siku anahama.

Na kila mstari uweke tarehe ya mwisho kuonekana na kilionekana kwa njia gani, ejenti, skani au macho. Hiyo safu peke yake ndo itakuambia orodha yako ni ya kweli kiasi gani.

AdminiWaBarua

Nijibu la programu. Ejenti ya GLPI itakupa programu zilizosakinishwa, hilo limeisha. Ukishazipata kitu cha kwanza angalia toleo la Windows, maana Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na ili upande 11 mashine inahitaji TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Orodha yako ikiwa na hizo safu mbili unampelekea bosi bajeti ya kubadilisha mashine siku hiyo hiyo, na hapo ataona faida ya hii kazi.

Lakini ujue jina la programu halitoshi. Desemba 2021 lilipotoka lile tundu la usalama la Log4j, kampuni kubwa duniani zilihangaika kujua tu wanayo wapi, kwa sababu ni kipande kinachokaa ndani ya programu nyingine, kwenye orodha ya programu hakionekani kwa jina. Kwaiyo kwa mifumo mikubwa, wa forodha, wa ghala, wa mishahara, andika na mtengenezaji wake, simu ya msaada, na seva unapokaa.

Alafu kuna vitu havimo kwenye ofisi yoyote kati ya hizo nne. Akaunti za klaudi. Chukua taarifa ya kadi ya benki ya kampuni ya mwaka mzima, tafuta malipo ya dola yanayojirudia kila mwezi, utakuta hifadhi ya mafaili, mikutano ya video, matangazo, labda na mfumo ambao idara moja iliununua yenyewe. Domeni yenu ya .co.tz (hapa ni jina la tovuti na barua pepe) imesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Nenda whois (daftari la wenye domeni) sasa hivi. Nimeona domeni imesajiliwa kwa Gmail ya mtu aliyeondoka, ilipofika kuisha taarifa za kulipia zikaenda kwake na barua pepe za kampuni nzima zikasimama.

Na ongeza safu moja, kifaa au akaunti ina taarifa binafsi za watu au haina. Nyie watu wa klaringi mna TIN, pasipoti, namba za NIDA za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023 na inakutaka uzilinde, sasa utalindaje kitu ambacho hujui kiko kwenye diski ipi?

KangeStendi

Nakubali ya Horohoro na ARP, hiyo sikuiweka kwenye hesabu. Mkuu kama huna kompyuta ya kuacha kule tumia hata ile ya zamani iliyotolewa kwenye vitabu, weka Linux, ejenti ya GLPI yenyewe ina uwezo wa kuskani mtandao wa pale ilipo na kutuma majibu kwenye seva.

MtuWaChumbageni

Nimeipata moja stoo, RAM 4GB, itafaa? Na swali la mwisho, bosi anataka namba Jumatatu. Horohoro na Korogwe sijafika. Nimpe ngapi?

FundiWaNgamiani

4GB inatosha sana kwa hiyo kazi.

Bosi usimpe namba moja. Mpe mafungu matatu: zilizothibitishwa kwa macho au kwa ejenti, zilizo kwenye vitabu ila hazijaonekana, na zilizoonekana ila hazina mwenyewe. Chini yake andika ofisi ambazo hujafika na tarehe utakayofika. Mkaguzi ukimpa hivyo anaelewa, kinachomkera ni kupewa 61 alafu akute 40.

Mhasibu_Raskazoni

Fungu la pili mletee mhasibu wenu kwanza kabla ya Jumatatu, kuna zilizouzwa kwa wafanyakazi na hati zipo kwenye faili lingine kabisa la mapato mengine.